Bafu dogo, bei kubwa: makadirio ya ukarabati yanavyojengwa Arusha na Moshi

Mwenye nyumba wa Sakina au wa Majengo anayetaka kubadilisha bafu huwa ameshapiga hesabu yake kabla fundi hajafika. Amepita dukani, ameuliza bei ya kasha la marumaru, ya choo cha kukaa, ya shawa, ya mifuko michache ya saruji. Amejumlisha, akaongeza kidogo cha ufundi. Fundi anakuja, anagonga kuta, anafunua chemba, anaondoka, na jioni inaingia kwenye simu namba iliyo mara mbili au tatu ya ile. Wazo la kwanza ni kwamba jamaa ameona geti zuri akapandisha.

Wapo wanaopandisha, na tutawafikia. Ila sehemu kubwa ya pengo hilo hutoka kwenye kazi ambayo haiuzwi dukani, kwa hiyo mwenye nyumba hakuihesabu: kubomoa, kubeba, kunyoosha, kusubiri na kubahatisha. Kwenye nyumba mpya fundi anaanza na kiwanja kitupu. Kwenye ukarabati anaanza na kazi ya mtu mwingine, bila kujua ilifanywaje, na akikosea kuikisia hasara ni yake. Mashaka hayo anayatia bei. Nawe utayalipa, yatokee yasitokee, kama hujayaondoa kabla ya kuomba namba.

Hesabu ya bafu moja

Tuchukue bafu la mita 2 kwa mita 2.4, lenye mlango wa sentimita 80 na kidirisha cha sentimita 60 kwa 60, marumaru ukutani hadi usawa wa lenta, mita 2.1. Kinachokumbukwa na wengi ni sakafu: mita za mraba 4.8, kitu kidogo tu. Kuta ndizo zinazokula. Mzunguko wa chumba ni mita 8.8, zidisha kwa 2.1, toa mlango na dirisha, zinabaki mita za mraba 16.4 hivi. Jumla ni 21.2. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unavuka 23. Kama kasha lina mita za mraba 1.5 (soma ubavuni mwa kasha, hayafanani), sakafu inataka makasha 4 na kuta 13, kwa kuwa marumaru za sakafu na za ukuta si zile zile, na masalia ya upande mmoja hayasaidii mwingine. Makasha 17, wakati kichwani yalikuwa manne au matano.

Kabla ya kubandika hata moja, za zamani zitoke pamoja na saruji iliyozishika. Ukuta ukitoa sentimita 3 na sakafu sentimita 5, hiyo ni karibu robo tatu ya mita ya ujazo, uzito wa kama tani moja na nusu. Ikishavunjwa inavimba na kupita mita moja ya ujazo: toroli 18 hivi za kujaa, zote zikipita koridoni kwako juu ya sakafu ambayo mtu lazima aifunike. Kisha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tripu mbili hadi tatu, maana chombo kile hakikutengenezwa kubeba tani moja na nusu hata kama dereva atakuhakikishia kinabeba. Halafu kuna swali la kifusi kinakwenda wapi. Kukimwaga korongoni au kando ya Mto Themi ni kosa, na bei nafuu kuliko zote mara nyingi maana yake ni hiyo. Dawa ya bure ni kumtafuta jirani anayejaza msingi, kwa sababu kifusi cha saruji na marumaru kinafaa kujazia. Muulize kabla ya kazi kuanza, kirikuu kisije kikawa mlangoni hakina pa kwenda.

Baada ya hapo ukuta uko wazi, una mashimo, na huenda umepinda. Marumaru haikubali ukuta uliopinda, hivyo unapigwa lipu upya. Kwa unene wa sentimita 1.5 na mchanganyiko wa moja kwa nne (saruji kwa mchanga), kuta hizo zinakula mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, na sakafu ya kusawazisha ya sentimita 5 inakula mingine 2. Mchanga wa kazi yote ni kama nusu mita ya ujazo. Gundi ya marumaru, mfuko wa kilo 20, unafunika mita za mraba 4 hadi 5, kwa hiyo mifuko 5. Kati ya lipu na gundi kuna tabaka ambalo makadirio mengi ya bei ya chini hulisahau: dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, sakafu nzima ikipanda ukutani sentimita 30, na sehemu ya kuogea ikipanda hadi mita 1.8. Ikishakauka unaziba tundu la maji, unajaza sakafu maji, unayaacha saa 24 na kuangalia ukuta wa upande wa pili. Marumaru na grauti, ile ya kuziba maungio, peke yake havizuii maji. Maji hupita kwenye maungio polepole, na rangi ya chumba cha jirani ndiyo inayotoa taarifa.

Sasa hesabu siku. Kubomoa siku 2, mabomba 1 au 2, lipu na sakafu 2, dawa na jaribio la maji 2 hadi 3, marumaru 4 hadi 5, grauti na kufunga vifaa 2. Fundi na saidia fundi, wiki mbili. Kinachowachanganya wengi ni kwamba fundi huyo huyo alibandika sebule ya mtu kwa bei ya chini kabisa kwa mita. Sebuleni anatandika marumaru za sentimita 60 kwa 60 kwenye uwanja ulionyooka, mita za mraba 10 au zaidi kwa siku. Bafuni anakata karibu kila kipande: kuzunguka bomba, kona ya dirisha, mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji. Akimaliza mita 5 siku hiyo amefanya vizuri. Bei ya kila mita ikiwa mara mbili ya ile ya sebuleni, hapo hujapigwa.

"Choo kisogee tu pale konani"

Sentensi hiyo ina gharama kuliko nyingi zinazotamkwa siku ya kupima. Sinki la kunawia linasogea bila shida, bomba lake la uchafu ni jembamba na linaweza kujificha ukutani. Choo kinatumia bomba la inchi 4, nalo lazima literemke kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Kukisogeza mita 2 kunataka sentimita 5 za ziada za mteremko chini ya sakafu, wakati kina cha bomba linalotoka nje kilishaamuliwa miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo jamvi (zege la sakafu) linakatwa, linachimbwa, bomba linalazwa, zege linarudishwa, na mara nyingine chemba ya nje inashushwa nayo. Fundi akikubali kusogeza choo kwa bei ile ile, muulize mteremko ataupata wapi. Jibu lisipoeleweka, choo kitakuwa kinaziba kila mwezi.

Nyumba zilizojengwa zamani, katikati ya Moshi na kwenye mitaa kama Kaloleni, nyingi bado zina mabomba ya chuma. Kwa nje yanaonekana mazima, ndani kutu imebana njia. Fundi akikata kipande ili aunge bomba la plastiki la kuchomelea, mtetemo unaachia ungio la mbele yake. Akirekebisha hilo, linalofuata linavuja. Mwenye uzoefu anajua atakapoishia, ndiyo maana anaandika laini nzima kuanzia kwenye tanki. Asiye na uzoefu anaandika mita 3, na nyongeza zitakuja zenyewe ukiwa umeshabomoa na huna pa kuoga.

Shawa pana iliyokuvutia dukani nayo ina yake. Tanki lililo mita 3 juu ya shawa linatoa shinikizo la baa 0.3 tu, na shawa nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa baa 1 au zaidi. Bila pampu maji yatadondoka kama ya bomba la uani. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, inataka waya wa milimita za mraba 4 na kikata umeme chake kuanzia meinswichi. Kama nyumba ina waya mbili tu bila waya wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), fundi umeme anayejiheshimu, mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), hatakufungia hita hiyo bafuni mpaka ethi iwepo. Hapo "kufunga hita" kumegeuka kuwa kuchimba kuta za nyumba nusu nzima. Bei imepanda, ndiyo. Lakini maji na umeme visivyo na ethi ni mahali pabaya pa kutafuta punguzo.

Paa halilingani na nyumba

Mshangao wa pili kwa ukubwa, baada ya bafu, ni kubadilisha mabati. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120, na mtu huenda kuulizia mabati ya 120. Weka upenu wa sentimita 60 kila upande, unapata 11.2 kwa 13.2, yaani karibu 148. Paa limeinama, kwa mwinamo wa nyuzi 30 unazidisha kwa 1.155 na kufika 171. Bado hujahesabu bati moja kulalia jingine, vipande vinavyopotea kwenye kofia na mabonde, wala misumari. Paa lenye kona nyingi linapoteza zaidi kuliko la pande mbili. Hivyo namba ya fundi ikiwa juu ya yako kwa asilimia 40 kwenye mabati, anza kwa kuamini kwamba yeye amepanda ngazi na wewe umepima chini.

Uliza geji pia: namba ikiwa ndogo bati ni nene, kwa hiyo geji 28 ina bei kuliko 30, na 32 ndiyo nyembamba kati ya hizo. Makadirio yaliyoandika "mabati ya rangi" bila geji hayafai kulinganishwa na mengine yoyote. Ukihama kutoka bati la kawaida kwenda vigae vya saruji au vya udongo, uzito unaruka hadi kilo 40 au zaidi kwa mita ya mraba, na kenchi (fremu za mbao za paa) za zamani hazikufikiria mzigo huo. Mbao zenyewe huwa zimeanza kuliwa, na hilo halionekani mpaka mabati yashuke. Wala usikubali fundi aseme "kenchi ni nzima" akiwa amesimama uani.

Ipo hali moja ambayo bei kubwa inastahili bila mjadala: paa la asbesto, yale mabamba mazito ya saruji ya kijivu kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Hayavunjwi kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Hulowanishwa, hufunguliwa moja moja na watu waliovaa barakoa zinazofaa na mavazi ya kutupa, hufungwa kwenye plastiki, na taka yake ni ya kundi la hatarishi lililo chini ya usimamizi wa mamlaka ya mazingira ya taifa. Anayekuambia atayashusha kwa siku moja na vijana wawili anauza mapafu ya hao vijana, na ya watoto wako.

Kuvunja ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia tutakugusia kwa ufupi tu, maana hesabu yake ni ya mhandisi na kibali chake ni cha halmashauri. Kinachopandisha bei si kuvunja. Ni boriti mpya ya zege na nondo, na nguzo za kushikilia juu zinazobaki zimesimama wiki mbili hadi tatu zege likikomaa. Muda wote huo mbao na mirunda ya fundi zimefungwa kwako na hawezi kuzipeleka kwingine.

Mlima, mvua na Desemba

Saruji inapanda kutoka Tanga au Dar es Salaam, marumaru nyingi za ndani zinatoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze, vifaa vya bafu kwa kawaida vinapitia Kariakoo. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Usafiri huo umeshaingizwa kwenye bei ya dukani, hautakushtua. Kinachoshtua ni kilomita 2 za mwisho. Fuso halipandi njia ya kihamba (shamba la migomba) cha Kibosho au Old Moshi udongo ukiwa umelowa. Mchanga unamwagwa barabarani, unahamishwa kwa kirikuu au kwa viroba mgongoni, na kila kuhamisha ni ujira. Juu ya Ilboru hali ni hiyo hiyo kwenye vichochoro. Mbao zina unafuu kidogo, kwa sababu mbali na zile za Mufindi kuna mashamba ya miti ya Meru, West Kilimanjaro na Rongai. Uliza zimetoka wapi na kama zimetiwa dawa.

Udogo wa kazi nao ni adhabu. Bafu letu linataka nusu mita ya ujazo ya mchanga, lori linauza tripu nzima. Unalipia tripu na kubaki na kichuguu uani, au unanunua kwa viroba ambavyo ukivijumlisha vina bei ya juu zaidi kwa ujazo ule ule. Kama unajua mwakani utajenga uzio, chukua tripu.

Msimu unaamua mengine. Machi hadi Mei masika inafunga njia za mchanga, na lipu inachelewa kukauka. Ukitaka kuezua paa miezi hiyo, fundi ataweka na gharama ya maturubai na ya siku za kukaa bure. Oktoba hadi katikati ya Desemba Kilimanjaro kuna joto la aina nyingine: watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na kila mtu anataka nyumba ya mgombani iwe na rangi mpya na choo cha ndani kabla ndugu hawajafika. Mafundi wazuri wa Machame na Marangu wakati huo wana kazi tatu kwa mpigo. Namba anayokupa Novemba inaweza kuwa njia ya kistaarabu ya kukwambia hana nafasi. Kazi ile ile ikiombwa Juni au Julai hupata masikio tofauti kabisa.

Nani amekupa hiyo namba

Fundi wa mtaani, fundi mkuu mwenye kikosi, na mkandarasi aliyesajiliwa na CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) hawauzi kitu kimoja. Wa kwanza anakupa ujira wake; usimamizi, ununuzi, ulinzi wa vifaa na makosa ni vyako. Wa pili anaweka juu yake fedha ya kuratibu mafundi wengine. Wa tatu analipia ofisi, msimamizi, bima na kodi, na kama amesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anaiongeza, kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 18. Kwa kiwango hicho, milioni 20 kabla ya kodi ni milioni 23.6 baada yake. Watu wamekataa mkandarasi kwa tofauti ambayo ilikuwa kodi tupu, au wamemkubali wakidhani namba ina kodi kumbe haina. Uliza moja kwa moja: hii ina VAT au bado? Anayetoza VAT lazima akupe risiti ya EFD (mashine ya kodi). Asiyesajiliwa VAT hana haki ya kukutoza.

Kwa bafu moja, fundi mkuu anatosha. Kwa paa zima au kuvunja kuta, sisi tungelipa mkandarasi, na kabla yake tungemlipa mkadiriaji majenzi aandae mchanganuo. Ada yake inaumiza mwanzoni, lakini bila mchanganuo huo hutajua namba tatu ulizoletewa zinatofautiana kwa lipi.

Na sasa cha juu. Fundi anakuandikia gundi mifuko 9 pale inapotosha 5, au anakupeleka duka fulani ambako anarudishiwa kitu. Dawa ya kwanza inayowajia watu ni kununua vifaa wenyewe. Inafanya kazi kwa vitu vinavyohesabika na visivyo na utata: marumaru, choo, sinki, taa, rangi. Kwa viungio vya mabomba na vya umeme mara nyingi inakugharimu zaidi ya ulichookoa, kwa sababu utaleta kiwiko cha mm 25 panapotakiwa mm 20, na fundi na msaidizi wake watakaa nusu siku wakisubiri, na siku yao inahesabika. Njia inayofaa zaidi ni kumwachia fundi vitu vidogo kwa bei iliyokubaliwa, na kumlipa wazi ujira wa kutosha. Fundi aliyebanwa kwenye ujira atajilipa kwenye vifaa, na atajilipa zaidi ya ulichombana.

Kuomba bei upya

Ukishapata namba ya kushtua, usijibu "punguza". Punguzo lisilosema limetoka wapi litatoka mahali usipoona: mchanganyiko wa lipu utakuwa moja kwa nane, dawa ya maji mkono mmoja, waya zitalala ukutani bila bomba. Jibu kwa maswali mawili. La kwanza: naomba mchanganuo, ujira mbali, vifaa mbali, usafiri na kifusi mbali. La pili, ambalo ndilo bora: bei hii haina nini? Jibu lake litakuonyesha kwamba wa milioni 5 hakuweka kubomoa wala dawa ya maji, na wa milioni 7 aliweka vyote na pampu. Milioni hizo ni za mfano, ila umbo la tofauti ndilo hilo.

Bora zaidi, kabla ya kuita watu watatu, andika karatasi moja na uwape wote. Iwe na vipimo vya chumba na kimo cha marumaru. Ionyeshe kinachobaki mahali pake na kinachosogea. Itaje nani ananunua nini, nani anaondoa kifusi na kukipeleka wapi, maji na umeme wa kazi ni wa nani, vifaa vitalala wapi, na kazi inaanza lini. Bila karatasi hiyo kila fundi anapigia bei bafu lililo kichwani mwake, na ni bafu tofauti.

Kisha punguza mashaka. Mlipe fundi ujira wa siku moja achungulie: avunje marumaru tatu sehemu ya kuogea aone ukuta una hali gani, afunue chemba apime kina, apande darini aangalie kenchi na waya, afungue ungio moja la bomba la zamani. Fedha hiyo ni ndogo, na inageuza "huenda" nne kuwa "ndiyo" au "hapana". Kisichoweza kuchunguliwa kiwekewe bei ya kipimo badala ya kuingizwa kwenye jumla: mita moja ya bomba la inchi 4 ikihitajika ni kiasi hiki, mbao moja ya kenchi ikibadilishwa ni kiasi hiki. Fundi hana tena sababu ya kujikinga kwa kuweka mbao 20 ambazo huenda hazijaoza. Upande wako tenga akiba yako mwenyewe, asilimia 10 kwa nyumba ya miaka ya karibuni, 15 hadi 20 kwa ya zamani, na usimwambie fundi kwamba ipo.

Bado namba ni kubwa? Zipo sehemu zinazokatika bila madhara. Choo kibaki kilipo. Marumaru zipande hadi mita 2.1 sehemu ya kuogea tu, na kuta nyingine ziishie mita 1.2: kwenye bafu letu hiyo inaweza kuondoa mita za mraba 5 hadi 6, gundi yake na siku nzima ya kukata. Chagua marumaru ya kawaida yenye ukubwa unaopatikana muda wote, kwa sababu ya kipekee ikivunjika mwakani hutaipata. Sinki la zamani likiwa zima, lirudi. Bafu mbili za nyumba moja zifanywe pamoja, ili usafiri, kifusi na siku za kusubiri vigawanyike. Usiguse dawa ya maji, ethi, mteremko wa bomba la choo wala kiasi cha saruji.

Malipo yafuate kazi. Toa cha kuanzia kinachotosha kubomoa na vifaa vya kwanza, kisha lipa kwa hatua: mabomba yakishawekwa na kupigwa picha kabla hayajafunikwa, jaribio la saa 24 likishapita, marumaru zikishagongwa kwa sarafu moja moja na ile inayolia tupu ikabandikwa upya. Bakiza asilimia 5 hadi 10 mpaka bafu litumike mwezi mmoja. Kazi yoyote ya ziada iandikwe siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa simu, ikiwa na kipimo na bei, na fundi ajibu "sawa" kabla hajashika nyundo.